Mafuta ya soya au ya samaki kwenye dripu ya lishe?

Dripu ya lishe humlisha kupitia mshipa mgonjwa asiyeweza kula, na mafuta yake huja kama emulsheni, yaani matone madogo ya mafuta yaliyochanganywa na maji. Emulsheni ya soya na ya samaki, zote mbili ni nyeupe kama maziwa. Kwa macho tu huwezi kuzitofautisha. Tofauti iko kwenye steroli za mimea, ndugu wa kolesteroli wanaotoka kwenye mimea. Emulsheni ya soya inazo kwa wingi. Ya samaki karibu haina, ila ina kolesteroli.

Kwa anayekula kwa mdomo, steroli hizo si hoja: utumbo hupitisha chini ya asilimia 5, zilizobaki hutoka na choo. Dripu haina bawabu huyo. Zinamwagika moja kwa moja kwenye damu, na ini huziondoa polepole, kwa kuzitoa na nyongo. Balaa ni kwamba stigmasteroli, mojawapo ya hizo, imeonekana maabara ikizuia FXR, kipokezi kinacholisaidia ini kusukuma nyongo hiyohiyo. Kichanga anayelishwa hivyo wiki nyingi anaweza kugeuka macho ya njano, dalili kwamba nyongo imekwama.

Basi soya itupwe? Hapana. Ina tele asidi ya linoleiki, mafuta ambayo mwili unayahitaji na hauwezi kuyatengeneza, ambayo samaki anayo kidogo. Marekani iliidhinisha emulsheni ya samaki mtupu mwaka 2018, kwa watoto ambao nyongo imeshakwama kutokana na lishe ya dripu. Kwa mtu mzima anayelishwa kwa dripu siku chache tu, mimi steroli zisingeninyima usingizi.