Kusafisha spea kuukuu za gari: ununue nini kwanza, uache nini

Bloku ya injini ya Peugeot 504 ni chuma cha kusubu, lakini silinda hedi yake, yaani kifuniko cha juu cha injini, ni alumini. Niliipeleka hedi yangu kwa fundi mmoja aitoe kaboni na mafuta yaliyogandamana. Akaitumbukiza kwenye pipa la kostiki, dawa kali ya kutengenezea sabuni ambayo inakula alumini, akaiacha ilale humo. Asubuhi maji yalikuwa meusi, na uso unaokaa gasketi umeliwa vishimo hadi ukipitisha ukucha unakwama. Hedi ile ilikuwa imehimili barabara zetu za Tanga miaka mingi, ikafa usiku mmoja, tena kwa kusafishwa. Iliniuma sana.

Tangu siku ile, mtu akiniuliza anunue dawa gani ya kutolea kutu, nataka kwanza aniambie spea yenyewe ni ya madini gani na inafanya kazi gani kwenye gari. Dawa kali inapatikana kila duka. Spea ya gari la miaka ya 1970 haipatikani kila duka. Kwa hiyo nimezipanga njia hizi kwa kuangalia ipi inaondoa kutu na kukuachia chuma chako.

Kitu cha kwanza kutafuta ni sumaku, hata ile ya spika mbovu. Ikishika, una chuma mkononi, endelea. Isiposhika, huenda ni alumini, zinki au shaba, na karibu kila nitakachosema kuhusu asidi na umeme hakikuhusu.

Grisi kwanza

Asidi haipiti kwenye grisi. Watu wengi wanaolalamika kwamba dawa haifanyi kazi waliiloweka spea ikiwa bado na mafuta. Kwangua tope na grisi nzito kwa kijiti, kisha osha kwa mafuta ya taa au dizeli na brashi ngumu. Kwa Tanzania, tangu kodi ya mafuta ya taa ipandishwe mwaka 2011 kuzuia uchakachuaji, hakuna tena unafuu mkubwa wa kuyachagua mbele ya dizeli. Nunua utakachokipata karibu. Petroli usiitumie, hata kama mafundi wote mtaani wanaitumia. Mvuke wake unashika moto hata kwenye baridi kali, na cheche ya grenda ya jirani inatosha. Baada ya hapo osha kwa maji ya moto na sabuni ya unga mpaka maji yatandae juu ya chuma bila kujikusanya matone matone. Hapo ndipo imetakata.

Ngoma za breki zina sheria yake. Bitana za breki za magari ya zamani nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake linaharibu mapafu. Usipulize kwa kompresa. Lowesha kwa maji ya sabuni, futa kwa kitambaa, kitie kwenye mfuko na kitupe.

1. Asidi ya sitriki

Hii ndiyo ningekuambia ununue leo. Ni unga mweupe unaouzwa kwenye maduka ya malighafi za sabuni na vyakula, na ni asidi ileile iliyo kwenye ndimu. Gramu 50 kwa lita moja ya maji zinatosha kutu ya kawaida. Kutu nene ipe gramu 100. Maana yake kilo moja inakupa hadi lita 20 za dawa, ndoo kubwa nzima. Siki ya dukani yenye asidi ya asilimia 5 inafanya kazi ileile kwa nguvu inayokaribiana, ila piga hesabu ya chupa utakazomimina kujaza ndoo hiyo.

Maji ya vuguvugu yanaharakisha. Mabano, bawaba, vifuniko na bolti za kawaida hukaa humo kwa muda wa saa nne hadi usiku mzima. Utaona vipovu vidogo vinapanda na maji yanageuka rangi ya chai. Itoe spea kila baada ya saa kadhaa, isugue kwa brashi, iangalie, uirudishe. Usiisahau humo siku tatu, maana kutu ikiisha asidi inaanza kula chuma. Ukiona utando mweusi, hasa kwenye chuma cha kusubu, usiogope, unatoka kwa brashi na sabuni.

Spea ikitoka, isuuze, ichovye kwenye maji yenye baking soda, ikaushe mara moja, uipake mafuta. Kwetu pwani chuma kilicho uchi kinarudisha rangi ya machungwa kabla hujamaliza kusafisha ya pili. Nimeona bano likipata kutu mpya wakati naenda ndani kuchukua kitambaa. Siku hizi nakiweka kitambaa tayari begani.

2. Umeme na magadi

Kwa spea yenye kutu nzito yenye thamani, njia hii ni bora kuliko sitriki kwa sababu haili chuma kisicho na kutu. Imekaa namba mbili kwa sababu inadai vifaa na umakini. Unahitaji ndoo ya plastiki, magadi soda meupe safi ya watengeneza sabuni (si kostiki, usome mfuko mara mbili), vipande vya nondo, na chaja ya betri ya volti 12. Chaja za zamani, zile nzito zenye transfoma, zinafaa zaidi. Za kisasa nyingi zinakataa kuwaka zisipoona betri.

Kijiko kimoja cha chakula cha magadi kwa kila lita 4 za maji. Waya hasi kwenye spea, waya chanya kwenye nondo. Ukibadilisha, utaila spea yako. Nondo zizunguke ndoo pande zote bila kugusa spea, kwani upande unaotazamana na nondo ndio unaosafika vizuri. Usiweke chuma cha pua mahali pa nondo, kinatoa kromiamu yenye sumu ndani ya maji. Usiongeze chumvi ya mezani, inatoa gesi ya klorini. Hata bila chumvi, vile vipovu ni haidrojeni inayowaka, kwa hiyo fanyia nje, bila sigara, na zima chaja kabla ya kugusa vibanio.

3. Brashi ya waya

Ya mkono kila mtu awe nayo. Ile ya grenda inafanya kazi haraka kwenye chasisi na sehemu pana, lakini inarusha nyuzi za waya kama sindano, hivyo miwani ya kazi si hiari. Mahali panapokaa beringi, sili au gasketi usiipitishe kabisa.

4. Kupiga mchanga

Hii unanunua kazi ya mtu. Kwa chasisi na rimu hakuna kinachoifikia. Kabla ya kulipa, uliza wanapiga nini. Mchanga wa kawaida unatoa vumbi la silika linalosababisha ugonjwa wa mapafu usiopona, kwa fundi na kwa walio jirani. Tafuta wanaotumia ganeti, punje za mawe magumu zinazotumika badala ya mchanga. Bodi nyembamba usiipeleke kwa mtu asiye na uzoefu, inapinda. Bloku na hedi pia zibaki nyumbani, maana punje chache zikijificha kwenye njia za oili zinamaliza beringi za injini mpya.

5. Dawa za chupa

Zile za kulowekea zisizo asidi kali ni nzuri kwa spea ndogo za thamani, lakini kwa kazi kubwa mfuko utalia. Dawa za fosforiki zinazogeuza kutu kuwa nyeusi zinafaa pale usipoweza kufungua spea. Zipake, zikauke, kisha paka prima, ile rangi ya kwanza.

Kabureta ina njia yake. Inasafishwa kwa mawimbi ya sauti, lakini usinunue ile mashine ndogo ya kusafishia miwani. Peleka kwa gereji inayosafisha nozeli za petroli, wengi wana beseni kubwa la mawimbi hayo. Vua kwanza mpira na gasketi zote.

Za kuacha

Asidi ya betri na asidi ya chooni. Zinasafisha haraka sana, na haidrojeni inaingia ndani ya chuma kigumu na kukifanya kivunjike ghafla. Springi na bolti za usukani, breki na kusimamishia magurudumu zisiguse asidi yoyote, hata sitriki, wala umeme. Hizo ni brashi ya mkono na mafuta, na bolti ikiwa imeliwa na kutu nunua mpya. Kostiki ibaki kwa rangi na grisi ya chuma tupu, ukiwa na glavu na miwani.

Na ukitumia kisafisha breki cha kopo chenye klorini, usichomelee spea hiyo mpaka ikauke kabisa na uioshe. Joto la kuchomelea linakigeuza kuwa fosijini, gesi inayoua.

Kwa mtu anayeanza na pesa kidogo: brashi ya waya, lita tano za dizeli, kilo moja ya sitriki, pakiti ya baking soda, ndoo mbili zenye mifuniko, na kopo la prima. Prima ipakwe siku hiyohiyo. Kama hutapaka siku hiyo, paka oili safi, funga kwa plastiki, na ukirudi uioshe tena kwa sabuni kabla ya rangi.