Mkono bandia unaotii neva: uzoefu wangu kabla na baada ya upasuaji

Mimi nimekatwa mkono juu ya kiwiko, na mkono bandia wa umeme nimeutumia kabla na baada ya kuhamishwa neva, yaani mishipa ya fahamu. Tofauti ni kubwa mno, na haikuletwa na mkono wenyewe.

Kabla ya hapo misuli miwili ya kigutu ilibeba kazi zote. Nikikaza wa mbele, kiwiko kinajikunja; nikikaza wa nyuma, kinanyooka. Nikitaka kushika kitu, naikaza yote miwili kwa mpigo ili mota zibadilishane zamu, ndipo misuli ileile ifungue na kufunga vidole. Kuinua glasi ya maji kulinichosha akili kuliko bega.

Upasuaji huu wa kuhamisha neva ulianzishwa Chicago, Marekani, na daktari Todd Kuiken na mwenzake, daktari wa upasuaji Gregory Dumanian. Jesse Sullivan, Mmarekani aliyepoteza mikono yote miwili, alifanyiwa mwaka 2002. Mkono ukikatwa, neva zake hazifi. Zinaendelea kutuma amri, ila hakuna wa kuzipokea. Daktari anaziunganisha na vipande vya misuli iliyobaki, nazo zinaota humo polepole, kwa miezi. Kungoja huko ni kugumu, maana kwa muda mrefu huoni chochote. Kisha nikawaza kukunja ngumi, na msuli wa kigutu ukacheza! Elektrodi, yaani vipande vidogo vya chuma vinavyogusa ngozi, zinanasa ishara ya umeme ya msuli huo na kuipeleka kwenye mota. Sasa nikitaka kufungua kiganja kinafunguka, huku kiwiko nacho kinajikunja, bila kubadilisha zamu.

Kinachonikera ni soketi, ile sehemu ya mkono bandia inayovalishwa kigutu. Jasho likitoka au soketi ikisogea kidogo, elektrodi zinapoteza mahali pake na mkono unakataa amri. Wataalamu wa Sweden wamepita njia nyingine: kiungo kinashikizwa kwenye mfupa kwa titani na elektrodi zinawekwa ndani ya mwili. Hiyo sijaijaribu. Tena mkono wangu hauhisi, kwa hiyo kila ninachoshika lazima nikitazame.

Anayetaka kununua kiganja cha vidole vingi vya kisasa, kwanza aulizie neva zake. Bila amri za neva, vidole hivyo vitakosa wa kuviamuru. Na kwa anayesubiri kukatwa mkono au mguu: zungumza na daktari mapema, kwa sababu neva zinaweza kuhamishwa katika upasuaji uleule, na kwa wengi hilo limepunguza maumivu ya kiungo kisichokuwepo.