Nilikwenda na fizi zinazotoka damu, nikapimwa rangi

Nyota moja, na hata hiyo si ya daktari. Ni ya nani nitasema, ila kwanza niacheni nitoe dukuduku.

Mimi ni mama mtu mzima, hamsini nimeshaiacha nyuma, na nina kisukari. Fizi zangu zilikuwa zimeanza kutoka damu kila nikipiga mswaki, nikitema povu linatoka jekundu. Hicho ndicho kilichonipeleka kliniki, na ndicho nilichoandika kwenye fomu ya mapokezi, sukari na yote, kwa mwandiko unaosomeka. Daktari akaingia, fomu hakuigusa. Salamu aliitoa amenipa mgongo, anavaa glavu. Halafu akaniambia, "Mama, cheka kidogo." Nikadhani ananitoa wasiwasi maana wengi tunakiogopa kile kiti. Nikacheka.

Kumbe anatafuta rangi. Alitoa kipimo cha meno ya mfano, yale 16 yaliyochomekwa kwenye ubao, kila moja na herufi na namba yake, kuanzia A1 mpaka D4. Akawa anayasogeza moja moja kwenye mdomo wangu, anatazama, anaguna, anahamia jingine. Mwishowe akatulia kwenye moja, akamgeukia msaidizi wake na kutamka kwa sauti, mlango uko wazi na watu wanaosubiri wote wanasikia: "A nne. Mama, haya ndiyo unayachekea watu?"

Nimerudia maneno yake vilevile, sijaongeza chumvi.

Sasa tuelewane. Meno ya mtu wa umri wangu kuwa na umanjano si kosa wala si uchafu. Enameli, lile gamba gumu la juu, huliwa kidogo kidogo kadiri miaka inavyokwenda, na dentini iliyo chini yake ina umanjano wa kuzaliwa nao, kwa hiyo inazidi kuonekana. Chai, kahawa na tumbaku huongeza madoa juu yake, sawa, hayo yanasafishika. Lakini jino la manjano linaweza kuwa zima kabisa, na jeupe pe likawa limeoza kwa ndani au limelegea kwenye fizi. Mtu aliyesomea kazi hii analijua hilo kuliko mimi, ndiyo maana iliniuma. Angekuwa muuza vipodozi ningemsamehe.

Akaendelea. Kwanza tung'arishe kwa jeli, halafu, kwa kuwa "A nne ni ngumu", tuweke vile vigamba vyembamba vya kauri mbele. Nikamwuliza, je, jino langu la mbele lililozibwa zamani litabadilika nalo? Jeli ya kung'arisha haibadilishi rangi ya kizibo wala ya kofia ya jino. Unaweza kutoka hapo meno yamekuwa meupe na kile kizibo kimebaki na rangi yake, kinaonekana toka mbali. Akajibu, "Hicho tutakibadilisha." Nikamwuliza habari ya vigamba, si lazima jino likwanguliwe kwanza? "Kidogo tu, mama." Kidogo tu! Enameli ikishakwanguliwa ndiyo basi, mwili hauna namna ya kuiotesha tena. Kila swali nililouliza jibu lake lilikuwa na ankara yake.

Na fizi? Hakuzitaja. Jeli ile ina peroksaidi, inachoma fizi hata zikiwa nzima, sembuse zangu zilizovimba. Wala hakuuliza sukari, na sukari na ugonjwa wa fizi ni mambo yanayochocheana: sukari ikipanda fizi zinashambuliwa kwa urahisi, na fizi zikiugua sukari nayo inakuwa ngumu kuishusha. Hilo niliambiwa siku hiyohiyo, chumba hichohicho, ila si na yeye.

Simu yake iliita, akatoka. Mungu aibariki simu ile.

Yule msaidizi, binti mpole mwenye sauti ya chini, aliichukua fomu akaisoma yote nikiwa namwangalia. Akaniuliza, "Mama, sukari yako inakuwaje siku hizi? Na dawa unazomeza, zinakukausha mdomo?" Zinanikausha kweli, na hakuna aliyewahi kuniuliza. Akanieleza kwamba mate ndiyo yanayoyalinda meno usiku na mchana, yanapunguza makali ya asidi na kuyarudishia madini, kwa hiyo mdomo mkavu huoza haraka. Kisha akachukua kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita, akawa anakichovya taratibu kati ya jino na fizi, huku akitaja namba na kuziandika. Mbili. Tatu. Mbili. Tatu. Akafika magego ya chini, akanyamaza kidogo, akasema tano.

Mpaka tatu ni salama, akanifafanulia. Kuanzia nne fizi imeanza kuachia jino, pana mfuko, na mswaki haufiki humo. Fizi zilizovimba tu zinapona zikarudi zilivyokuwa. Ugonjwa ukishashuka kwenye mfupa unaoshikilia jino, mfupa uliolika haurudi wenyewe. Kinachowezekana ni kuuzuia usiendelee kuliwa. Alinieleza bila kunitisha, na bila kunidanganya kwamba ni jambo dogo.

Akanipa kioo na kumulika nyuma ya meno ya mbele ya chini. Pale, karibu na mahali mate yanapotokea, ulikuwepo ukuta wa ugaga, kahawia, umeziba nafasi za katikati hadi meno manne yanaonekana kitu kimoja. Ugaga ukishagandia hivyo mswaki hauubandui hata upige kwa hasira namna gani. Akaukwangua kwa ile mashine inayotetemeka na kurusha maji, mimi na mpira wa kunyonya mate mdomoni, machozi yananitoka, na kila kipande kikibanduka nakisikia kinagonga ulimi. Alipomaliza nilipitisha ulimi nikakuta nafasi ambazo nilishasahau kama zipo.

Halafu mswaki. Alinifundisha kuulaza, nyuzi zake zielekee pale fizi inapokutana na jino, kwa mwinamo wa digrii 45, unazungusha kidogo kidogo bila kukandamiza, dakika mbili, asubuhi na kabla ya kulala. Mswaki laini. Dawa yenye floraidi, na ukimaliza unatema tu, husukutui kwa maji, ili ile floraidi ibaki ikifanya kazi. Katikati ya meno upite na uzi au vile vibrashi vidogo. Miaka yote hii hakuna aliyenishika mkono na kunionyesha.

Pale kitini nilikuwa tayari kutoa nyota tano, nilikuwa nimeshamsamehe hata yule bwana. Nikaenda dirishani kulipa. Kwenye risiti, juu ya kusafisha meno, kuna mstari unasema "tathmini ya tabasamu". Yaani kule kuambiwa meno yangu hayafai kuchekea watu nilipaswa kukulipia! Nikahoji, mapokezi wakasema ndivyo daktari alivyoandika. Nikalipa kwa sababu nyuma yangu kulikuwa na foleni na mdomo ulikuwa unaniwasha. Nyota zikarudi kuwa moja palepale.

Haki ya mtu nimpe, lakini. Meno yalishika ganzi kwa siku kadhaa nikinywa kitu cha baridi, binti alikuwa amenionya, ikaisha. Damu ilipungua, kisha ikakoma. Rangi ni ileile A nne, na nacheka nayo. Kwa hiyo mkiniuliza kama muende, sijui niwajibu nini. Kazi ya mikono ya yule binti sijaiona kwingine. Basi nyota mbili. Tatu, kama mtampata yeye tangu mwanzo.

Ule mfuko wa milimita tano unatakiwa kupimwa tena, na wamenipigia kunikumbusha. Nikauliza yule binti bado yupo? Yupo. Naweza kuonwa na yeye peke yake? Wataangalia. Na ile tathmini ya tabasamu, itaandikwa tena kwenye risiti? Dada wa mapokezi akanyamaza kidogo, akasema hilo nimwulize daktari mwenyewe.