Urembo wa pikipiki ya kwanza ya spoti: tathmini ya karakana moja ya stika upande wa Kijenge, Arusha

Karakana ninayoitathmini hapa iko upande wa Kijenge, na kazi yake kubwa ni kubandika stika kwenye magari ya watalii: nembo za kampuni, namba za simu, na picha za twiga na pundamilia kwenye milango ya Land Cruiser. Pikipiki kwao ni kazi ya pembeni, na pikipiki za spoti ni chache zaidi. Hata hivyo, baada ya kuwapelekea Ninja yangu kwa awamu, ninaweza kusema bila kusitasita kwamba katika kubandika ni mafundi wa kuaminiwa, katika kufungua na kufunga vipande vya bodi ni waangalifu kuliko gereji nyingi nilizoziona, na katika umeme si mahali pa kupeleka chombo.

Pikipiki yenyewe ni Kawasaki Ninja 250 ya mwaka 2013, iliyotoka Japani ikiwa imetumika, na ndiyo pikipiki yangu ya kwanza ya aina hii. Japani, chombo kisichozidi cc 250 hakidaiwi ule ukaguzi wa lazima unaodaiwa pikipiki kubwa, na hiyo ni sababu mojawapo ya ukubwa huo kupendwa sana huko. Bodi yake ni ileile ya Ninja 300 iliyouzwa Ulaya na Marekani, jambo lenye faida kwa mtu anayetafuta vitu vya urembo, kwa kuwa kioo cha mbele au kishikio cha namba kilichotengenezwa kwa ajili ya Ninja 300 ya kizazi hicho hukaa kwenye 250 bila kutoboa wala kukata chochote. Mwenye 250 anayetafuta mtandaoni na kukosa, atafute kwa jina la 300.

Sharti nililowapa mafundi tangu mwanzo ni kwamba lolote litakalofanywa liweze kuondolewa na chombo kikarudi kama kilivyotoka kiwandani. Pikipiki ya kwanza ina uwezekano mkubwa wa kuangushwa, hata ikiwa imesimama, na uwezekano mkubwa zaidi wa kuuzwa pindi mwenyewe atakapozoea na kutaka kubwa zaidi. Mnunuzi naye huwa na shaka na rangi iliyopuliziwa, kwa sababu hajui imeficha nini. Tena rangi ya chombo imeandikwa kwenye kadi ya usajili wa TRA, kwa hiyo anayegeuza pikipiki ya kijani kuwa nyekundu anajitafutia maswali barabarani. Mimi niliibakiza kijani. Kawasaki walianza kuitumia rangi hiyo kwenye mashindano mwaka 1969, na sioni urembo wa dukani unaoweza kuishinda kwenye Ninja. Nilichotaka ni kuongeza weusi usiong'aa sehemu ya chini ya bodi na kwenye mkia, ili kijani kilichobaki kionekane vizuri zaidi.

Stika za kuvisha bodi ni za aina mbili, na tofauti yake haionekani siku ya kwanza. Moja hutengenezwa kwa kumimina plastiki ya majimaji na kuiacha ikauke. Huwa nyembamba, hukubali kufuata mikunjo, na ikishakaa haivutiki kurudi ilikotoka. Nyingine hutengenezwa kwa kukandamizwa na kuvutwa kati ya mitambo ya moto hadi iwe bapa. Ni nene zaidi na bei yake ni nafuu, lakini kwa kuwa ilivutwa wakati wa kutengenezwa, jua likiipiga hujirudi, kingo zake zikaacha mstari wa gundi tupu unaonasa vumbi na kuwa mweusi. Kwa mlango wa gari ulio bapa hiyo ya pili inatosha kabisa. Kwa bodi ya Ninja, yenye mabonde, ncha kali na matundu ya kupitishia hewa, ni kupoteza fedha. Nawasifu mafundi hawa kwa sababu wanazo zote mbili na hawakunificha tofauti: fundi mkuu aligeuza roli, akanionyesha jina la mtengenezaji lililochapwa nyuma ya karatasi, akaniambia ipi haitavumilia kwenye pikipiki. Nilichukua 3M ya mfululizo wa 2080, ambayo ni ile ya kumiminwa.

Maandalizi ndiyo yaliyonishawishi kwamba niko mahali sahihi. Hawakubandika pikipiki ikiwa imefungwa. Walifungua vipande vya bodi kimoja kimoja, wakaweka boliti za kila kipande kwenye kikopo chake na kukiandika, wakaosha vipande kwa maji na sabuni, kisha wakavifuta kwa spiriti hadi kitambaa cheupe kikatoka cheupe. Nilipouliza kwa nini wanarudia kufuta mahali ambapo mimi naona pamekwisha kuwa safi, fundi alinijibu, “Dada, ukibandika juu ya vumbi umebandika vumbi, hujabandika pikipiki.” Vumbi letu la udongo wa volkano ni laini mno, huingia chini ya kila kofia ya boliti, na ndilo linaloinua kingo za stika nyingi ninazoziona mjini.

Jambo jingine walilolijua bila kuambiwa ni ubaridi. Nilipeleka vipande mwezi wa saba, msimu ambao asubuhi za Arusha stika huwa ngumu na gundi haishiki. Walisubiri hadi mchana ndipo wakaanza. Walipomaliza walipitisha hewa ya moto juu ya kila mkunjo, wakipima kwa kipimajoto cha mkononi, kwa sababu stika inahitaji joto la kama nyuzi 90 ili isahau umbo lake la mwanzo, wakati plastiki ya bodi yenyewe huanza kulainika joto likizidi nyuzi 100 kidogo. Nafasi kati ya joto linalotakiwa na joto linaloharibu ni nyembamba, na nimewahi kuona kava ya pembeni ya mtu mwingine iliyojipinda kwa sababu fundi alikuwa akikisia kwa kiganja.

Kazi hiyo imepita masika na kiangazi. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa karibu asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa hiyo jua letu linachosha rangi na plastiki hata siku ambazo hewa ni ya baridi. Mkia, unaotazama juu, umefifia kidogo sana. Sehemu za chini ziko kama zilivyotoka. Tanki sikulivisha, na ninamshauri mwenye pikipiki yoyote asilivishe kuzunguka kifuniko, kwa maana matone ya petroli ya kituoni hulainisha gundi na kuacha ukingo unaobanduka. Kinga ya tanki ya kubandika, ile nene inayokaa mahali ambapo zipu ya jaketi hugusa, inatosha na inazuia mikwaruzo kweli.

Stika za rimu ndizo zinazobadilisha sura ya pikipiki kwa fedha ndogo kuliko kitu kingine chochote. Rimu za Ninja ni za inchi 17 mbele na nyuma, na karakana hii hukata vipande vilivyopinda tayari kufuata duara, badala ya kuvuta utepe ulionyooka ambao lazima ujikunje upande wa ndani. Wapeni kazi hii bila wasiwasi. Rimu ya nyuma lakini inahitaji uangalizi wa mwenyewe: oili ya cheni hurukia upande wa kushoto, huingia chini ya ukingo wa stika, na ndani ya muda mfupi kipande huanza kunyanyuka. Ninafuta oili iliyozidi kwenye cheni kabla ya kuondoka, na upande huo bado umeshika.

Sasa madigadi ya nyuma. Karibu kila anayenunua pikipiki ya spoti huanza kwa kuondoa lile pembe refu la plastiki linalobeba namba na kuweka kishikio kifupi chini ya mkia, na sikatai kwamba pikipiki inapendeza, kwa sababu tairi pana la nyuma huonekana lote. Mafundi waliifunga kazi hiyo vizuri, na walinirudishia madigadi ya asili pamoja na boliti zake kwenye mfuko. Lakini mambo mawili yanapaswa kusemwa wazi. La kwanza ni matope: wakati wa masika, tope la njia za Njiro hupanda moja kwa moja hadi mgongoni na kwenye kiti cha abiria. La pili ni zito zaidi. Barabara ya Arusha hadi Moshi ina matuta mengi kwenye vijiji, na ukiwa na abiria, shokapu ikizama yote juu ya tuta, tairi linaweza kugusa namba iliyokaa chini mno. Kabla ya kukubali kazi, mkalishe mtu mzito nyuma, mwombe aruke kidogo kwenye kiti, na utazame nafasi inayobaki. Mafundi hawa hawakulipima hilo hadi nilipowaomba, na ilibidi kishikio kipandishwe. Namba nayo lazima isomeke kutoka nyuma na iwe na taa yake usiku. Kishikio kinacholaza namba kuelekea angani hakifai hata kama kinapendeza.

Malalamiko yangu ni ya umeme, na ndiyo sababu ninaiacha karakana bila jina, kwa kuwa hatujayamaliza. Indiketa za kiwandani hutumia balbu za wati 10 kila moja, na zile ndogo za LED hutumia wati moja au mbili tu, kwa hiyo flasha, kile kifaa kinachozipepesa, hudhani balbu imeungua na kuanza kupepesa kwa kasi. Dawa yake ni kubadili flasha kuweka ya kielektroniki inayokubali LED, au kuunganisha rezista ya kula umeme uliobaki. Walichagua rezista, ambayo hupata joto kali inapofanya kazi, wakaifunga ikigusa plastiki ya ndani ya mkia, na maungio ya nyaya wakayasokota kwa mkono na kuyafunika kwa utepe. Plastiki ilianza kubadilika rangi, na mvua ya kwanza ilizima indiketa ya kushoto nikiwa katikati ya vifodi, yaani daladala, Barabara ya Sokoine. Fundi umeme wa magari kule mtaa wa Unga Limited aliondoa kila kitu, akaweka flasha sahihi, akachomelea maungio kwa risasi na kuyavisha mipira ya kubana kwa joto. Kwa hiyo ushauri wangu ni kupeleka bodi Kijenge na nyaya kwa fundi umeme, hata kama hilo linamaanisha safari mbili.

Walinishauri pia niipake taa ya nyuma tinti nyeusi, nikakataa, na ninatamani waache kabisa kuitoa huduma hiyo. Taa ya breki kazi yake ni kumwamsha dereva wa lori aliyechoka, na kila tabaka la weusi linapunguza mwanga huo. Kioo cheusi cha mbele kilichoinuka ni jambo tofauti, kwa sababu huwa unatazama juu yake, isipokuwa umeinama. Nilicho nacho ni cha polikaboneti, kinavumilia kokoto vizuri, ila kinakwaruzika upesi na hakitakiwi kuguswa na petroli wala tina, kwa hiyo kwenye sehemu za kuoshea magari ninasimamia mwenyewe. Saiti mira za kufunga kwenye ncha za hendeli sikuzipenda: zinapendeza kwenye picha, lakini zinaongeza upana mahali unapotaka kupenya kati ya bajaji mbili. Mikono mifupi ya klachi na breki ni suala la vidole vya mtu.

Kama bajeti ni ya kitu kimoja tu, basi iwe ile mipira migumu inayofungwa kwenye fremu pande zote mbili ili chombo kikianguka kigonge hapo kabla ya kugonga bodi. Siyo urembo halisi, lakini ndiyo inayoulinda urembo wote, na kwa Ninja hii zipo zinazofungwa bila kukata kava. Karakana walizifunga kwa kipimo cha kukaza boliti, jambo lililonifurahisha kwa watu wa stika.

Kwa vipande vya chini na mkia nililipa shilingi 380,000, na rimu shilingi 60,000, nusu ikitolewa wakati wa kuacha kazi. Si rahisi, ila mafundi walikubali kurudia bure ukingo mmoja ulionyanyuka karibu na tundu la hewa, na walifanya hivyo bila mabishano. Msimu wa watalii, kuanzia mwezi wa sita, magari ya kampuni hutangulia kwenye foleni, hivyo ni vyema kupiga simu kabla. Wanaotoka Moshi hawana sababu ya kuacha pikipiki nzima: vipande vikifunguliwa nyumbani na kufungwa kwa blanketi vinakubaliwa, mradi vije na boliti zake zote.