Ibada bila kasisi: nyota nne kwa wasomaji wa parokia yetu

Kazi yangu ni ukaguzi wa hesabu, na jicho la mkaguzi halilali hata Jumapili. Parokia ninayosali ni ya Kianglikana. Kasisi ni mmoja, makanisa anayoyahudumia ni kadhaa, kwa hiyo Jumapili nyingi ibada yetu huongozwa na msomaji mlei, yaani asiye kasisi: mtu mwenye ajira yake, halipwi hata senti na kanisa, ila ana leseni ya askofu. Wanaotaka kuhamia kwetu huniuliza kama ibada ya namna hiyo inatosha. Nitawajibu hapa mara moja.

Kinachonipendeza zaidi ni kwamba msomaji wetu anajua mwisho wa mamlaka yake. Chukua Sala ya Asubuhi kwa utaratibu wa Kitabu cha Sala cha 1662. Baada ya maungamo, kasisi husimama akatamka ondoleo la dhambi. Msomaji haruhusiwi. Nimewahi kusali mahali ambapo kiongozi alilisoma tu, eti kwa sababu limechapishwa pale. Wa kwetu hubaki amepiga magoti pamoja nasi, akafunua ukurasa aliokwisha kuutia utepe kabla ya ibada, akasoma sala ya Jumapili ya ishirini na moja baada ya Utatu, ile inayomwomba Mungu awape watu wake msamaha na amani. Ndiyo desturi asipokuwepo kasisi. Mwishoni vilevile: hanyanyui mkono kubariki, husema ile sala ya Neema akijihesabu miongoni mwetu, "iwe nasi sote". Mgeni hatatambua lolote. Mimi hutambua, na ndiyo maana namwamini akipanda mimbarini.

Na mimbarini hapo, jamani, anaweza. Aliposoma habari za wakili dhalimu katika Luka 16, yule msimamizi wa mali aliyemwambia mdeni ageuze mia kuwa hamsini, alitueleza jinsi ankara ya mzigo ambao haujafika inavyowekwa mezani kwako Ijumaa jioni, na anayeileta anakuita "ndugu yangu". Kasisi wetu ni mwanateolojia mzuri, lakini ankara hiyo hajawahi kuletewa. Nilitazama benchi zangu za mbele na nyuma. Kuna watu walikuwa wanasoma viatu vyao.

Bibi mmoja ninayeketi naye hudai kwamba wasomaji ni mambo ya juzi. Shikamoo nampa kwa heshima zote nikiwa mdogo, ila hapo simuungi mkono: Kanisa la Uingereza lilifufua ofisi hiyo mwaka 1866. Wanawake ndio waliocheleweshwa, walikubaliwa huko mwaka 1969. 

Huduma ya wagonjwa nayo ni ya walei. Mama mkwe wangu hatoki nyumbani, na mhudumu aliyeidhinishwa humletea Ushirika uliowekwa wakfu na kasisi kanisani. Huanza na "Shikamoo mama, koo linaendeleaje leo?" Jibu likiwa baya, humega mkate punje ndogo kabisa, akaulowesha kwenye divai, akasubiri. Hatazami saa. Hapo ningetoa nyota sita kama zingekuwepo.

Sasa nyota niliyoinyima. Mama anayefundisha Shule ya Jumapili ndiye huyohuyo anayeimba kwaya, anayepamba madhabahu, anayebaki kufunga milango. Akikohoa, nusu ya kanisa inasimama. Kila mtu anamsifu, hakuna anayemuuliza lini atapumzika, na nauli anatoa mfukoni mwake kwa sababu "amejitolea". Kujitolea muda si kujitolea nauli. Mpeni, aikatae mwenyewe.

Na sadaka! Nilikuta inahesabiwa na mume na mke, wawili tu, chumba kimefungwa. Siwatilii shaka hata kidogo, ni watu waadilifu. Lakini wahesabuji wanapaswa kuwa watu wasio wa nyumba moja, waandike kiasi na wote watie saini kabla fedha haijatoka chumbani. Utaratibu huo unamlinda mhesabuji kuliko unavyolinda fedha. Nimemwambia mzee wa kanisa. Akaitikia kwa kichwa, akabadilisha mazungumzo.

Matangazo ni marefu. Kila kikundi kina msemaji wake, na kila msemaji ana "neno dogo tu".

Kwa anayetaka kupokea Ushirika Mtakatifu kila Jumapili, kwetu hapamfai: msomaji hawezi kuuadhimisha, na zamu ya kasisi ni mara chache. Ulizia ratiba kabla ya kuja. Kwa anayetaka ibada iliyoandaliwa, mahubiri yanayomkuta kazini kwake, na mtu wa kumtembelea mgonjwa wake bila kuombwa mara mbili, njoo. Keti mbele kidogo, vipaza sauti vya nyuma vinakoroma.