Vipuri vya kompyuta vilivyotumika: anza na kinachojaribika

Fungua Jiji, tovuti ya matangazo ya kuuza na kununua, au grupu lolote la WhatsApp la wauza kompyuta wa Kampala, utakuta RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), diski na kadi za picha (zinazochora kila unachokiona kwenye skrini) kwa bei ya kutamanisha. Mimi sivipangi kwa bei wala kwa uzuri wa picha. Nauliza tu: naweza kukijaribu kabla pesa haijatoka kwenye simu yangu?

Kwa kipimo hicho RAM inashika namba moja. Haichakai upesi, na ikiwa mbovu kompyuta hugoma kuwaka au huzimika ovyo. Hapa anayekosea mara nyingi ni mnunuzi: RAM ya kizazi cha DDR3 haiingii kwenye tundu la DDR4, na ya laptopu haiingii kwenye kompyuta ya mezani. Mtumie muuzaji picha ya kibandiko cha ile uliyonayo, kisha mkubaliane siku mbili za kurudisha ili uiachie MemTest86, programu ya kupima RAM, usiku kucha.

Prosesa, ubongo wa kompyuta, ni ya pili, maana hufa kwa nadra. Kagua pini tu. Za AMD za tundu la aina ya AM4 ziko tumboni mwa prosesa yenyewe; za Intel za mezani ziko kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), kwa hiyo mazabodi ya Intel usiichukue kabla ya kumulika tundu lake kwa tochi ya simu.

Diski ni ya tatu. Nenda na laptopu yenye CrystalDiskInfo, programu ya kukagua afya ya diski, usome saa ilizofanya kazi. Mwaka mzima bila kuzimwa ni saa 8,760, basi diski ya “miezi mitatu tu, kaka” inayoonyesha saa 30,000 imeshakujibu. Kwenye diski ya kuzunguka, ukiona sekta zilizohamishwa (vipande vilivyoharibika na kubadilishwa na vya akiba) zimezidi sifuri, agana na mwenyewe kwa heshima. Flashi za “TB 2” za bei ya chipsi na kuku wala usizipigie simu, ukubwa huo ni wa uongo.

Kadi ya picha naiweka ya nne, na ndiko utapeli ulikokomaa. Sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa kadi za picha Septemba 2022, kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi mchana na usiku ziliingia sokoni. Hizo si lazima ziwe mbovu. Feni na joto ndivyo vya kupima. Mbaya zaidi ni ya bandia: GTX 550 Ti ya zamani iliyobadilishwa programu yake ya ndani ili ijiite GTX 1050 Ti. Windows itakubali jina hilo, lakini GPU-Z, programu ya kutambua kadi, mara nyingi huibaini na kuandika wazi kuwa ni feki. Ukiona tundu la VGA, lile la skrini za zamani, kwenye kadi inayodai kuwa 1050 Ti, shtuka, kwa sababu chipu hiyo haitoi VGA yenyewe. Halafu iendeshe mzigo mzito dakika kumi na tano hapo hapo. Muuzaji mwenye haraka ya kuwahi teksi Wakiso akuuzie siku nyingine.

Pawa saplai, inayolisha kompyuta umeme, ni ya mwisho: nunua mpya. Umeme wetu unaokatika na kurudi kwa kishindo umeshazipiga nyingi, na ikilipuka inaweza kuondoka na mazabodi. Betri ya laptopu vivyo hivyo.

Sasa, pa kukutana. Bora kuliko pote ni kwa mwenye meza yake dukani, Wandegeya au kwenye majengo ya Kampala Road, kwa kuwa kesho utamkuta. Kisha mtu binafsi, mchana, mahali penye soketi. Boda ya kulipia mlangoni inafaa kwa RAM, si kwa kadi: dereva hatasubiri majaribio yako. La kukataa kabisa ni “niko Arua, tuma nusu, naweka kwenye basi la usiku.” Mwombe picha ya kifaa kando ya karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo, tapeli ataanza visingizio.

Ukisharidhika, lipa ukiwa umesimama naye, usome jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Likiwa si lake, uliza. Kisha dai risiti yenye namba ya kifaa na picha ya kitambulisho chake cha taifa, maana mali ya wizi ikifuatwa na polisi itakutwa kwako.