Ziara ya nusu siku ya mafuta ya Baku: uzoefu wangu

Nililipia ziara hii nikiwa na swali moja: kwa nini mafuta ya Baku (mji mkuu wa Azerbaijan), ambayo wenyeji walikuwa wakiyachota kwa mikono tangu karne nyingi, yalikuja kuwa biashara kubwa ghafla katika miaka ya 1870, chini ya utawala wa tsar wa Urusi? Tulianzia Bibi-Heybat, kitongoji cha Baku, kwenye kisima kilichochimbwa kwa mtambo mwaka 1846, miaka 13 kabla ya kile mashuhuri cha Pennsylvania, Marekani. Kiongozi wetu alikisifu kwa kirefu. Nilipomuuliza kwa nini serikali, hali ina kisima kama hicho, ilikaa zaidi ya miaka 20 bila biashara kukua, alitabasamu akasema basi linatusubiri.

Jibu lipo, nalo ndilo lililostahili kupewa muda. Serikali ilikuwa ikikodisha visima kwa muda mfupi, kwa kawaida miaka 4, na mpangaji asiyejua kama mkataba wake utaongezwa haoni faida ya kuchimba kwenda chini zaidi. Hukamua alichokikuta, basi. Utaratibu huo ulifutwa mwaka 1872 na viwanja vikapigwa mnada, na mwaka 1877 ushuru wa mafuta ya taa nao ukaondolewa. Haya yote tuliyapita kwa sentensi moja, garini, tukielekea kwingine.

Villa Petrolea, makazi ya kampuni ya mafuta ya ndugu Nobel wa Uswidi, ilinifariji kidogo. Hapo kiongozi alisimulia vizuri jinsi Robert Nobel alivyofika mwaka 1873 kutafuta mbao za mjozi za kutengenezea vitako vya bunduki, kwa ajili ya zabuni ya serikali aliyokuwa nayo ndugu yake Ludvig, na badala yake akanunua kiwanda cha kusafisha mafuta. (Ningependa kujua Ludvig alisema nini aliposikia.) Kiongozi alieleza pia bomba lililochukua nafasi ya mikokoteni, na Zoroaster, meli ya mafuta iliyoanza kazi katika Bahari ya Kaspi mwaka 1878. Lakini tulipewa dakika 25 tu katika jumba lile.

Ninaipa nyota 3 kati ya 5. Gari lilikuwa safi na muda ulizingatiwa, pengine kupita kiasi. Nikirudi Baku nitachukua teksi hadi Villa Petrolea, nishinde hapo asubuhi nzima.